Mwongozo kamili: kufundisha wanafunzi kufinyanga katuni waliyoibuni wenyewe, isimame na isipasuke

Walimu wenzangu wananitumia picha za kazi za darasani na picha zote zinafanana. Mhusika kalala chali, mkono uko pembeni peke yake, shingo ina ufa, afu ukiangalia vizuri unakuta ni yuleyule shujaa wa kwenye TV ambaye kila mtoto anamchora nyuma ya daftari. Mwalimu anasema udongo mbaya. Mara nyingi udongo hauna kosa.

Kinachotokea ni hiki: mtoto anabuni katuni ya karatasi, yenye miguu kama njiti na shingo kama ya twiga, alafu analazimisha udongo uifuate. Udongo una uzito, unasinyaa ukikauka, na kitu chembamba haukipendi kabisa. Kwaiyo mhusika inabidi abuniwe akiwa wa udongo tangu kwenye mchoro. Ukishika hilo tu, nusu ya matatizo yako yameisha.

Nimeandika kwa darasa la wanafunzi kama 40, umri miaka 10 mpaka 15, udongo wa kuchimba na sio plastisini ya dukani. Mimi natumia vipindi vitano vya dakika 80 (yaani viwili vilivyoungana), halafu siku 7 mpaka 14 za kukausha.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Udongo wa mfinyanzi uliokandwa tayari kilo 30. Kila mwanafunzi nusu kilo mpaka robo tatu, inatosha mhusika wa sentimita 12 hadi 15
- Mchanga laini uliochekechwa, au vigae vya chungu kilichovunjika uvisage
- Ndoo mbili za rangi za lita 20 zenye mifuniko
- Kipande cha chandarua cha zamani cha kuchujia
- Magunia au vipande vya kanga kuukuu vya kulowesha na kufunikia (mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019 na wala huihitaji, gunia bichi linafanya kazi vizuri)
- Stiki za mishikaki, vijiko vya zamani, spoku ya baiskeli, kadi za simu zilizokwisha kazi za kulainishia
- Waya mwembamba wa kukatia udongo, ufunge vijiti viwili kwenye ncha uwe na pa kushikia
- Vipande vya mbao au maboksi magumu, kimoja kwa kila mtoto
- Magazeti, karatasi nyeupe, penseli, sponji, vikopo vya maji

Usianze kipindi kama ubao wa kuwekea kazi haupo. Mtoto akifinyanga juu ya dawati, siku ya kuhamisha ndo siku ya kuvunja.

## Hatua ya 1: Pata udongo na uupime hapohapo

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chimba chini yake. Kingo za mito, mabonde ya mpunga na sehemu wanapofyatua matofali huwa na udongo mzuri.

Kipimo ni rahisi. Lowesha kidogo, sokota kamba nene kama penseli, izungushe kwenye kidole. Ikizunguka bila kupasuka udongo unafaa. Ikikatika katika una mchanga mwingi. Ikinata kama ubani na haitoki mkononi, una unato mkubwa mno, huo utausaidia kwa kuongeza mchanga.

Pima na kusinyaa. Tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10, kiache kikauke kabisa upime tena. Ukikuta sentimita 9.3 maana yake udongo wako unasinyaa asilimia 7. Ukifika asilimia 10 au zaidi ongeza mchanga au vigae, la sivyo nyufa zitakusumbua mpaka uchukie somo.

Tahadhari: wanafunzi wasiingie kwenye madimbwi wala mifereji, kichocho kipo. Usichimbe chini ya ukingo uliobinuka, unaweza kuporomoka. Na nyie wa pwani angalieni vipande vya matumbawe na maganda ya konokono, hivyo vikichomwa moto mkali vinageuka chokaa, alafu vinavuta unyevu wa hewa taratibu vinavimba na kubandua kipande cha uso wiki moja baada ya kazi kuisha. Ndo maana tunachuja.

## Hatua ya 2: Andaa udongo, wiki moja kabla

Kausha mabonge, yaponde, yaloweshe kwenye ndoo siku mbili. Udongo mkavu kabisa unalainika majini haraka kuliko ulio nusu nusu, wengi hawajui hili. Koroga uwe kama uji, chuja kwa chandarua, acha utuame, mwaga maji ya juu. Uji mzito uumwage kwenye gunia juu ya matofali makavu mpaka uweze kukandika.

Sasa changanya mchanga au vigae, sehemu moja kwa kila sehemu nane za udongo hivi. Chembe hizi zinapunguza kusinyaa na zinampa mvuke njia ya kutokea wakati wa kuchoma.

Kanda kama unavyokanda unga wa chapati, ila usikunje ukafungia hewa ndani. Kata bonge kwa waya uangalie: kama kuna vitundu endelea kukanda.

Umefanikiwa ukiona: ukibonyeza kwa dole gumba alama inabaki wazi, pembeni hapapasuki, na mkono unatoka karibu msafi. Funga kwenye gunia bichi, weka ndooni, funika.

## Hatua ya 3: Mhusika azaliwe kabla udongo haujaguswa

Hapa ndo walimu wengi wanaruka. Wanagawa udongo wanasema "haya tengenezeni katuni mnayoitaka". Mtoto akiambiwa afanye anachotaka anafanya anachokijua, na anachokijua ni cha TV. Kukataza nako hakusaidii, nimejaribu, wanabadilisha rangi ya nguo tu.

Nachofanya siku hizi ni makopo matatu. La kwanza lina karatasi za wanyama: kenge, kongoni, nguchiro, kaa, kunguru, mbuzi. La pili kazi za mtaani: konda wa daladala, muuza madafu, fundi cherehani, mama ntilie, mlinzi wa usiku, dereva boda. La tatu tabia: mbahili, mwoga, mbea, mwenye kujisikia, msahaulifu. Mtoto anachomoa moja kila kopo. Hawezi kukopi kwa mtu, maana konda nguchiro mwenye kujisikia hajawahi kuonekana popote.

Mwanafunzi wangu mmoja alipata kenge, mama ntilie, mbea. Darasa zima likacheka, yeye mwenyewe akakunja uso anataka abadilishe, nikamwambia kaa nayo dakika kumi. Akaja na Bi Chungulia, kenge wa kuuza wali mwenye shingo ndefu kwa sababu ya kuchungulia meza za wateja. Shingo ndo tabia yake. Huyu Bi Chungulia nitamtumia mpaka mwisho wa maelezo haya maana alipita kwenye kila tatizo.

Baada ya kuchomoa kila mtoto ajibu maswali matatu kwa maandishi:

1. Anataka nini kuliko vitu vyote?
2. Anaogopa nini?
3. Kiungo gani cha mwili wake kinaonyesha hayo?

Swali la tatu ndo lenye kazi. Kiungo hicho kimoja kikuzwe sana, vingine vipungue. Mtoto akitaka kukuza macho na masikio na meno na miguu kwa pamoja hakuna kitakachoonekana.

Alafu vipimo. Mtu mzima wa kweli ana urefu wa karibu vichwa 7 na nusu. Katuni ya udongo ipewe vichwa viwili au vitatu tu. Sababu ni mbili: kichwa kikubwa kina nafasi ya hisia, na mwili mfupi haupinduki.

Umbo la msingi pia lichaguliwe mapema. Duara linamfanya mtu aonekane mpole, mraba mbishi au imara, pembetatu mjanja au hatari. Hii sio sheria, ila inamsaidia mtoto asiyejua aanzie wapi.

Kipimo cha kivuli: apake mchoro wote mweusi, ndani pasionekane kitu. Jirani yake akiangalia akaweza kusema huyu ni mnyama gani na yuko kwenye hali gani, mhusika yupo. Akiona boga jeusi tu, arudi kuchora. Mimi sitoi udongo kwa mtoto ambaye hajapita hapa, na wananinunia, ila wakati wa maonyesho wananishukuru.

## Hatua ya 4: Geuza mchoro uwe wa udongo

Mtoto achore mhusika mara tatu kwa urefu uleule: mbele, ubavuni, nyuma. Atagundua hajawahi kufikiria mgongo. Hapohapo kaa naye mpitie haya:

- Miguu ni minene kiasi gani? Ikiwa myembamba kuliko dole gumba lake haitabeba. Avae kanga, kanzu, gauni au gamboti zifike chini
- Anasimama kwa sehemu ngapi? Mbili hazitoshi. Tafuta ya tatu: mkia, fimbo nene, ndoo, kigoda
- Mikono iko hewani? Ishushwe iguse mwili. Kiunoni, tumboni, shavuni, imeshika kitu kifuani
- Kuna kitu kilichochongoka? Kifupishwe na kinenepeshwe kwenye shina

Bi Chungulia alikuja na miguu ya njiti na shingo ya sentimita sita ikiwa hewani. Tulivyobadilisha: kanga ikashuka mpaka chini ikawa kama kengele, mkia ukatoka nyuma ukawa mguu wa tatu, na shingo ikanenepeshwa alafu ikalazwa mbele kidevu kiegemee kwenye sufuria aliyoibeba. Akawa mbea zaidi kuliko mwanzo! Anachungulia huku anajifanya ananusa wali. Kikwazo cha udongo kilimpa mkao ambao kwenye karatasi asingeufikiria.

Usiweke waya ndani kama mifupa. Udongo unasinyaa, waya hausinyai, kwaiyo udongo utapasuka kuuzunguka.

## Hatua ya 5: Jenga kiwiliwili chenye uwazi

Kila mtoto agawe udongo wake: nusu ya mwili, robo ya kichwa, robo ya viungo na vitu vidogo. Robo hiyo ya mwisho ibaki chini ya kitambaa kibichi.

Kwa mwili atengeneze tufe, atumbukize dole gumba katikati, azungushe huku anafinya mpaka liwe kibakuli chenye ukuta mnene kama kidole chake kidogo, sentimita moja hivi. Mhusika mrefu anahitaji vibakuli viwili vilivyounganishwa mdomo kwa mdomo. Gazeti lililofinyangwa likaingizwa ndani linazuia mwili usibonyee, na halina shida, litaungua wakati wa kuchoma.

Kwa nini uwazi? Maji yanageuka mvuke kwenye nyuzi joto 100, na kwenye bonge nene maji ya katikati yanachelewa sana kukauka. Moto ukifika mvuke unakosa njia, mwili unalipuka. Watu wanalaumu hewa, lakini hewa kavu peke yake hailipui kitu, ni unyevu uliobaki. Kitu chochote kinene kuliko sentimita tatu kichimbwe ndani kwa kijiko.

Acha mwili upumzike mpaka uwe na ugumu wa sabuni ya mche, yaani kisu kinakata vizuri ila kidole hakiachi shimo. Kwa hali ya hewa ya Dar ni masaa machache kivulini, kwenye baridi ya Iringa au Njombe unaweza kulala mpaka kesho. Kichwa nacho kinafinyangwa kwa njia hiyohiyo na kiachwe pembeni kigumuke pamoja.

## Hatua ya 6: Kuunganisha

"Mwalimu, mkono umetoka tena." Sentensi hii ukiisikia mara kumi kwenye kipindi kimoja, ujue watoto wanabandika badala ya kuunganisha.

Mpangilio ni huu na usirukwe hata mmoja:

1. Kwaruza pande zote mbili kwa stiki, mistari ikatane kama wavu, kina cha milimita mbili
2. Paka uji wa udongo uleule, mzito kama mtindi. Maji matupu hayaunganishi, yanalegeza tu
3. Bana na sukasuka kidogo mpaka uhisi pamekamata
4. Zungushia kamba nyembamba ya udongo kwenye kiungo
5. Lainisha kamba hiyo iingie pande zote mbili mpaka mstari upotee

Sababu kubwa ya viungo kukatika baadaye ni tofauti ya unyevu. Mwili ukiwa umekauka nusu, mkono ukawa mbichi kabisa, mkono utasinyaa zaidi kuliko mwili na utajivuta wenyewe ukatoka, hata ungepaka uji ndoo nzima. Viungo vyote viwe na ugumu mmoja. Mtoto akikosa wiki moja akarudi, kazi yake ifungwe kwenye gunia bichi usiku kucha kwanza.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kumshika mhusika kiunoni, ukamwinamisha kidogo, na hakuna kinachotikisika. Usimwinue kwa kichwa. Waambie watoto wamshike kama wanavyobeba kifaranga.

## Hatua ya 7: Uso na hisia

Macho yasichorwe kwa penseli juu ya tufe. Kwanza bonyeza mashimo mawili kwa dole gumba, weka gololi za udongo ndani, alafu kope za juu na za chini kama vipande vya ganda la chungwa. Kope ndo zinazoongea. Zikishuka nusu mtu ana dharau au usingizi, zikipanda juu kashtuka. Nyusi zikiinama kuelekea puani ana hasira, zikiinuka katikati ana huzuni au hofu.

Fanya mchezo: kila mtoto akunje uso kwa hisia ya mhusika wake, jirani amwambie nini kimesogea. Dakika tano tu ila utaona tofauti.

Mwisho wa kipindi weka kazi zote dirishani, simama hatua kumi nyuma. Hisia isiyosomeka kutoka hapo ichimbwe zaidi, maana kivuli ndicho kinachoonekana na kivuli kinahitaji kina.

Na tafadhali mwalimu usiguse kazi ya mtoto. Najua mikono inawasha, unaona pua imepinda unataka kuinyoosha sekunde moja. Uwe na mhusika wako mwenyewe mezani, ukitaka kuonyesha onyesha kwa wa kwako. Mtoto akishaguswa kazi yake anaanza kusubiri uje umalizie, na yule mhusika sio wake tena.

## Hatua ya 8: Toboa, chonga jina, kausha

Toboa tundu la ukubwa wa spoku chini ya mwili na lingine lipite shingoni mpaka kichwani, kila uwazi uwe na mlango. Jina la mtoto lichongwe chini, penseli inafutika.

Kausha kivulini, mbali na upepo, siku 7 mpaka 10, wakati wa masika wiki mbili. Masikio, mikia na vidole vinakauka haraka kuliko tumbo, kwaiyo vivalishe kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu za mwanzo. Usianike juani ili uwahi maonyesho, utaokota vipande.

Kujua kama amekauka, mguse na shavu lako. Akiwa wa baridi, maji bado yapo.

Vumbi la udongo mkavu halifai kwenye mapafu, meza zifutwe kwa sponji bichi na watoto wasifagie madarasa makavu baada ya kipindi.

## Hatua ya 9: Kuchoma, au kutochoma

Kama karibu yako kuna wafinyanzi, peleka kwao. Kinamama wa Kikisi kule Ikombe, upande wa Matema Ziwa Nyasa, wanachoma vyungu kwa moto wa wazi na kuuelewa moto kwa macho, na mafundi wa namna hiyo wapo sehemu nyingi. Waombe wakuwekee kazi za wanafunzi kati ya vyungu vyao, lipa kidogo, na wachukue watoto waone. Hapo watajifunza kuliko maelezo yangu yote.

Ukichoma mwenyewe, kazi ni ya watu wazima, watoto wakae mbali. Panga wahusika kuzunguka moto mdogo masaa mawili ukiwageuza taratibu, mpaka wote wawe wa moto kabisa. Kisha walaze juu ya vigae, funika kwa mavi makavu ya ng'ombe na kuni, juu vigae vingine. Moto ukishika vizuri unapita nyuzi 600, na hapo udongo haurudi tena kuwa tope. Uache upoe wenyewe mpaka kesho. Ukimtoa akiwa wa moto upepo unampasua.

Umefanikiwa ukiona: ukimgonga kwa kucha analia kama kigae, na kipande cha majaribio kikilala ndani ya maji usiku mzima hakiyeyuki.

Usipochoma sio mbaya. Mpake gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka mbili jembamba, alafu rangi. Ila akae mbali na maji na asichezewe.

Rangi: ya maji ya ukutani au akriliki, tabaka la kwanza jepesi. Rangi tatu zinatosha. Bi Chungulia alipakwa kijani iliyofifia, kanga nyekundu, na weupe wa macho tu ndo uling'aa, maana macho yake ndo habari yenyewe.

## Zikivunjika

Ufa mdogo kabla ya kuchoma: changanya uji wa udongo na siki kidogo, jaza, bana, lainisha, kausha upya polepole. Ikivunjika baada ya kuchomwa tumia gundi kali afu paka rangi juu.

Zilizovunjika vipande vipande kabla ya kuchomwa usitupe. Ponda, loweka kwenye ndoo siku mbili, chuja, mwaga kwenye gunia. Huo ni udongo wa darasa linalofuata, na ukishapita mikononi mara mbili tatu unakandika vizuri kuliko ulivyokuwa mpya.